Masale Matatu kwenye Ndoo

Wiki mbili baada ya mimi kustaafu, Neema, aliyechukua nafasi yangu, alinipigia simu saa mbili asubuhi. Alikuwa Sanya Juu na kikundi kizima, jukwaa limesimama nusu, na alitaka kujua faili la Sanya Juu nililiweka wapi. Nikamwambia faili la Sanya Juu halipo na halijawahi kuwepo.

"Sasa Mama Ndeshi, ulikuwa unafanyaje?"

Nikamwambia nilikuwa namtafuta mama mmoja muuza viazi karibu na lango la soko. Namsalimia, namuuliza habari za watoto, na yeye ndiye ananiambia siku hiyo ng'ombe wa mnadani watapitishwa upande gani, ili jukwaa letu lisiwe katikati ya njia yao. Kwa mbali nilisikia ng'ombe.

"Haya mambo uyaandike," akasema, akakata simu kwa haraka.

Basi naandika. Vyeo siviandiki, kwa sababu niliingia kazini nikiwa mtayarishaji wa michezo ya jukwaani na filamu, nikatoka nikiwa hivyo hivyo. Mshahara wa sanaa nao haujazi mstari mmoja. Nitaandika yale niliyoulizwa zaidi, na moja ambalo sikuulizwa sana kwa sababu waliokuwepo walikuwa wananionea huruma.

Nilifika kwenye ukumbi wa Rau nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimevaa gauni la kanisani, nikitaka kuwa mwigizaji. Mwenye kikundi alikuwa Mzee Barnaba, mwalimu mstaafu, mwembamba, aliyevaa koti la mvua hata mwezi wa Januari, wakati Moshi nzima inatafuta kivuli. Alinipa ukurasa mmoja nisome. Alisikiliza akiwa amefumba macho mpaka nikadhani amelala.

"Sauti yako inafika mbali," akasema.

Nikafurahi.

"Nenda basi kaniitie seremala. Nyumba ya tatu kutoka mtoni. Akikataa, usirudi."

Seremala alikataa. Alikuwa na kitanda cha bibi harusi cha kumaliza siku hiyo hiyo. Kwa kuwa nilikatazwa kurudi, nilichukua msasa nikaanza kulainisha miguu ya kitanda, gauni la kanisani na yote. Baada ya saa mbili kitanda kilikwisha, nikarudi ukumbini na seremala, mbao mbili, na mke wa seremala aliyesikia kuna mchezo akaona afunge mlango aje. Mzee Barnaba alitutazama wote watatu.

"Waigizaji ninao kumi na wawili," akasema. "Mtu wa kurudi na seremala sikuwa naye."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Ile nafasi ya kuigiza alipewa dada mmoja kutoka Kiboroloni, na nikisema kweli, alinizidi.

Wengi hawajui kazi ya mtayarishaji ni ipi. Mwongozaji humwonyesha mwigizaji pa kusimama. Mtayarishaji huhakikisha mwigizaji amefika, pa kusimama papo, mwenye uwanja hajabadilisha mawazo, na mvua ikishuka kuna turubai. Kila kitu kikienda sawa, hakuna anayejua kwamba ulikuwepo. Kitu kimoja kikiharibika, watu wote wanalijua jina lako.

Vifaa vyangu havikubadilika sana. Daftari la jalada gumu, na penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari lenyewe. Ukungu ukishuka mlimani karatasi hulowa na kalamu ya wino hugoma, lakini penseli huandika. Kamba ya katani, kwa sababu ya nailoni huteleza fundo ikilowa. Filimbi, ambayo waigizaji waliichukia na mara mbili waliificha. Chupa mbili za chai, moja haina sukari, ni ya wazee. Vijana wa sasa wana simu zinazofanya kazi ya daftari na filimbi kwa pamoja, na mimi sina ugomvi nazo, ila simu haijawahi kufunga turubai.

Mzee Barnaba hakufundisha kwa hotuba. Alikuwa na swali moja tu alilotaka niliulize kila mahali. "Ukipewa ruhusa," alisema, "usishukuru ukaondoka. Uliza: na nani mwingine anapaswa kujua?" Nililiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la kwanza, na la pili, na yote yaliyofuata. Kuandika hakukunishinda.

Swali lenyewe nilianza kulielewa Kahe. Tulipeleka huko mchezo wa mke aliyeuza baiskeli ya mumewe kwa siri. Ruhusa tulikuwa nayo, uwanja ulikuwa mzuri, watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Mchezo ukafika pale mume anaporudi nyumbani, anatazama ukutani, anauliza kwa sauti nzito: "Mke wangu, baiskeli yangu iko wapi?" Hapo mzee mmoja wa mstari wa mbele akasimama, akaondoka. Akafuata wa pili. Kisha benchi zima. Kabla mke hajapata jibu, uwanjani walikuwa wamebaki watoto na mbuzi mmoja.

Nilidhani tumewatukana bila kujua. Mzee Barnaba aliinama kwa mtoto wa kike aliyekuwa karibu.

"Wamekwenda wapi, mjukuu wangu?"

"Maji yamefika," akasema yule mtoto, akishangaa kwamba mtu mzima anauliza.

Zamu yao ya kumwagilia ilikuwa imekuja mapema. Mpunga haungoji mchezo. Mzee Barnaba aliwaambia waigizaji wakae pale pale walipo. Mume akakalia kigoda, mke akaanza kusuka mkeka wa mchezo kweli kweli. Tulingoja zaidi ya saa nzima. Kisha watu wakarudi, miguu ina tope mpaka magotini, majembe mabegani, kila mmoja akaketi mahali pake pa mwanzo. Yule mzee wa kwanza akainua mkono.

"Haya," akasema. "Baiskeli iko wapi?"

Sijawahi kuona watazamaji watulivu kama wale. Tangu siku hiyo sikupanga saa ya mchezo Kahe kabla ya kuzungumza na mtu anayefungua maji, na ninyi msipange.

Miaka ikapita, kamera zikaja, na sisi tukaingia kwenye filamu. Mzee Barnaba alikuwa ameshapumzika kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, huko Kibosho, katikati ya migomba na kahawa, lakini ushauri hakuupumzisha. Aliutuma kupitia akina mama walioshuka sokoni na ndizi. Ungekuwa katikati ya mazoezi, mama mwenye beseni anaingia ukumbini: "Nani hapa ni Ndeshi? Mzee Barnaba anasema msitumie kuku hai." Tulikuwa tumeshatumia. Alikuwa sahihi.

Sasa nifike kwenye ile filamu ya Uru.

Ilikuwa hadithi ya binti anayerudi nyumbani kumzuia baba yake asing'oe kahawa. Mwongozaji alikuwa Joel, kijana wa Dar es Salaam, mpole, mwenye kipaji kikubwa, ambaye mpaka siku hiyo kahawa alikuwa ameiona kwenye kikombe tu. Nilimtafutia nyumba kwenye mteremko wa Uru, ya Mzee Aminieli: bati la zamani, ua uliofagiliwa, mlima wote mbele asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Kahawa yake ilikuwa imeiva, nyekundu tupu. Mzee Aminieli alikubali kuchelewesha kuchuma kwa wiki moja tu. Mama aliyeigiza mke wa yule baba kwenye filamu, Bi Rehema, ilikuwa lazima aondoke Jumamosi. Kwa hiyo tulikuwa na siku saba. Tukizikosa, buni zingechumwa au zingeanguka, na nyekundu ile tungeingoja mwaka mzima.

Nilimuuliza swali langu, nikimwita meku, yaani mzee. "Meku, na nani mwingine anapaswa kujua?"

Mzee Aminieli akatazama pembeni. "Hakuna."

Kupitia migomba niliona paa la nyumba nyingine, kama hatua arobaini kutoka pale. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Na mimi, niliyekuwa na miaka mingi kazini, nikachukua penseli nikaandika: hakuna.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri mpaka nikaanza kuogopa. Siku ya tatu jenereta likagoma, nikashuka mjini kutafuta plagi. Niliporudi ilikuwa saa saba mchana, na nilijua kuna jambo kabla sijafika, kwa sababu sauti ya Joel kwa kawaida ilisikika toka barabarani. Siku hiyo nilisikia ndege wa mitini tu.

Kikundi kizima kilikuwa kimesimama upande mmoja wa ua. Mzee Aminieli alikuwa mlangoni, mikono nyuma. Ng'ambo, pale kihamba chake kinapokwisha, mzee mwingine anayefanana naye kama sahani mbili za seti moja alikuwa ameketi kwenye kigoda, panga limelala magotini. Na katikati ya ua, kwenye ndoo ya maji, yalikuwepo masale matatu, majani yao marefu yamesimama vizuri kama maua ya mezani.

Kwa msomaji asiye wa mlimani, isale, wingi wake masale, ni mmea tunaoupanda mpakani na penye makaburi. Jani lake lililofungwa fundo ndilo hupelekwa kwa mtu uliyemkosea, na akiletewa hawezi kukufukuza bila kukusikiliza. Mmea huo haung'olewi.

"Mama, yalikuwa yanaingia kwenye fremu," Joel akaniambia kwa sauti ya chini. "Lakini hatukuyakata. Tumeyang'oa na mizizi yake, kwa heshima. Jioni tungeyarudisha."

"Ulimuuliza nani?"

"Niliona ni majani tu."

Nilikwenda kwa yule mzee wa kigodani. "Shikamoo, meku."

"Marahaba." Hakuniangalia. "Mimi ni Zakaria. Nitakaa hapa mpaka mpaka urudi."

Mke wa Mzee Aminieli ndiye aliyenieleza, jikoni, akipepeta maharage ambayo yalikuwa safi tayari. Zakaria ni mdogo wake Aminieli. Masale yale aliyapanda baba yao alipowagawia vihamba wakiwa bado watoto. Miaka kumi na mmoja iliyopita Zakaria alidai lile la katikati limesogezwa upande wake. Aminieli akasema halijaguswa. Wakaacha kuzungumza. Walipishana njiani, waliketi kanisani benchi mbalimbali, walizika watu wa ukoo mmoja bila kusalimiana.

"Sasa limeng'oka," akasema yule mama. "Shemeji amesema halirudi kwenye shimo la uongo. Na mume wangu amesema lisiporudi palepale, vyombo vyenu vitoke leo."

Nilipanda bodaboda mpaka Kibosho. Mzee Barnaba alikuwa barazani na koti lake la mvua. Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Ulimuuliza nani mwingine anapaswa kujua?"

"Nilimuuliza. Akasema hakuna."

"Na wewe ulikuwa umeliona paa."

Paa sikuwa nimemtajia.

"Yule kijana ametoka Dar," akasema. "Kwake ni majani. Wewe umezaliwa huku. Kosa ni lako, na miguu iwe yako. Siendi na wewe." Kisha akainuka polepole, akaenda kwenye ua wake, akakata jani moja la isale akalifunga fundo mwenyewe, akanipa. "Anza na mdogo. Mkubwa tayari ni mwenyeji wako. Na usieleze sana. Mtu anayeomba msamaha kwa maneno mengi anatafuta kushinda."

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nyumbani kwa Mzee Zakaria. Alikuwa anakamua. Nilisimama mlangoni mwa zizi, na yeye aliendelea kukamua mpaka chuchu ya mwisho, bila haraka. Alipoinuka, nilipiga magoti nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na nilijisikia kama mwanafunzi aliyevunja dirisha.

"Tumekukosea, meku. Sikuja kwako kwanza. Naomba unisamehe."

Alipangusa mikono kwenye suruali, mmoja, halafu wa pili. Akalipokea.

"Isale likiletwa, mtu hulipokea," akasema. "Kusamehe bado. Nimelipokea tu." Akaliweka juu ya boriti ya zizi, mahali ng'ombe hafiki. "Kosa lenu limefanyika mpakani. Mpaka si wangu peke yangu. Kama mnataka kuyapanda, tuyapande wote wawili, yeye akiwepo, mchana, watu wakiona."

"Atakuja, meku."

Sikujua kama atakuja. Nilivuka kihamba nikamwambia Mzee Aminieli maneno yale yale. Alikunywa uji wake mpaka kikombe kikawa kitupu.

"Amesema mimi niwepo?"

"Amesema."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Saa nne tulikuwa mpakani. Majirani walikuwa wamejaa, kwa sababu Uru habari haihitaji tangazo. Joel aligusa kamera. Nilimtazama, akarudisha kifuniko cha lenzi. Ndoo ikaletwa. Isale la kwanza na la tatu hayakuwa na ugomvi, yakarudi kwenye mashimo yake. Likabaki la katikati.

Wazee wale walisimama hatua mbili kutoka kwa kila mmoja, mimi katikati.

"Mwambie," Mzee Zakaria akaniambia, "hapo halikuwa hapo."

Nikamgeukia Mzee Aminieli. "Anasema hapo halikuwa hapo."

"Nimesikia. Mwambie lilikuwa hapo toka siku ya kupandwa."

"Anasema toka siku ya kupandwa."

"Muulize siku ya kupandwa alikuwa wapi yeye."

Nilifanya kazi hiyo kwa muda mrefu. Wote wawili walizungumza Kichagga, mimi nilirudia kwa Kichagga, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kiziwi. Jasho lilinitoka. Nyuma yangu nilimsikia Bi Rehema akimnong'oneza mtu kwamba katika maisha yake ya uigizaji hajapewa nafasi ngumu kama yangu.

Kisha Mzee Aminieli akainua fimbo akaonyesha mfongo, ule mfereji mdogo wa maji unaopita chini ya vihamba vyao.

"Mwambie huyo nakumbuka vizuri. Baba alikuwa anapanda hilo la katikati siku ile yeye alipoanguka mfongoni."

Nikafungua mdomo nirudie. Sikuwahi.

"Sikuanguka," Mzee Zakaria akasema, akimtazama kaka yake usoni. "Ulinisukuma."

Nilirudi nyuma hatua moja, kwa sababu niliona sihitajiki tena. Mzee Aminieli aliishusha fimbo. Alitazama mfongo, akatazama viatu vyake.

"Nilikusukuma," akasema.

"Ulimwambia baba nimeteleza."

"Nilimwambia umeteleza."

"Nikachapwa kwa kuchafua kaptura ya shule."

"Ulichapwa," Mzee Aminieli akasema, na mdomo wake ukaanza kutetemeka upande mmoja. Nilidhani analia. Alikuwa anazuia kicheko. "Ulilia mpaka mjomba akaja kutoka ng'ambo."

"Nilikuwa na miaka sita!"

"Mimi nilikuwa na minane. Niliogopa."

Mzee Zakaria hakucheka. Lakini alikaribia, akaliweka panga chini, akasema sasa kwa sauti nyingine, sauti ya mtu anayefikiri: "Baba alinitoa majini bila kuhama alipokuwa. Alinyoosha mkono tu, mkono mwingine umeshika isale. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Alikuwa mrefu."

Basi wakatafuta mtu mrefu. Mrefu kuliko wote pale alikuwa mnasa sauti wetu, kijana kutoka Singida, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya mgomba akiomba asihusishwe. Wakamleta. Wakampigisha magoti penye shimo, wakamwambia anyooshe mkono mpaka mfongoni kama anayemtoa mtoto. Wakabishana kuhusu urefu wa mkono wa baba yao. Wakamsogeza. Wakamrudisha. Nadhani hata yeye alisahau kwamba ana kazi nyingine. Mwisho wakaafikiana, na Mzee Zakaria akachomeka kijiti.

Kutoka kwenye kijiti mpaka shimo la zamani ilikuwa shubiri moja, kijiti kikiwa upande wa Mzee Aminieli.

Miaka kumi na mmoja, na ilikuwa shubiri moja. Wazee walikiangalia kile kijiti kwa muda. Nilimwona Mzee Aminieli anataka kusema, na anaogopa kusema. Aliyesema ni mdogo wake.

"Mfongo umehama," Mzee Zakaria akasema. "Kila masika unakula ukingo."

Mzee Aminieli aliitikia haraka, kama mtu aliyerushiwa kamba. "Maji hayana adabu."

Wakalipanda isale kwenye kijiti, wote wawili wameshika shina. Kisha Mzee Zakaria akanigeukia.

"Sasa nimekusamehe," akasema. "Wewe na huyo mtoto wa Dar."

Ikaletwa mbege, kinywaji chetu cha ndizi na ulezi. Kata ya kunywea ilianza kwa mkubwa, ikaenda kwa mdogo, ikaja kwangu. Joel alipopewa alikunywa kwa adabu, akasema "aika", yaani asante, kama tulivyomfundisha, halafu akauliza kama ina kileo. Alipata jibu mwenyewe baada ya muda mfupi.

Tulikuwa tumepoteza siku mbili. Mzee Zakaria alituuliza tulichokuwa tunatafuta mpaka tukang'oa masale. Joel akamweleza kwamba alitaka kuiona nyumba kwa mbali, kupitia kahawa. "Si mngekuja kwangu?" mzee akasema. "Kutoka kwangu inaonekana yote." Ilikuwa kweli. Tuliweka kamera upande wake, masale yakabaki mahali pake, na picha ile ikawa nzuri kuliko ile iliyotufanya tung'oe masale. Majirani walitubebea vyombo ili tuharakishe. Bi Rehema alimaliza Ijumaa jioni. Jumatatu Mzee Aminieli alichuma kahawa yake, na nilisikia kwamba mdogo wake alikwenda kumsaidia, na kwamba waligombana kutwa nzima kuhusu namna ya kuchuma.

Nilifanya kazi miaka mingine kadhaa baada ya hapo. Nilitayarisha michezo iliyojaza ukumbi na mmoja uliotazamwa na watu tisa, wanne wakiwa ndugu zangu. Nilifundisha vijana, akiwemo Neema, ambaye ni bora kuliko nilivyokuwa katika umri wake. Mzee Barnaba aliishi kuona kazi nyingi kati ya hizo, na kuzikosoa zote. Nilipokwenda kumsimulia mambo ya Uru, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama yule mnasa sauti alipewa chakula. Nikashukuru kwamba alipewa.

Lakini jioni ya kuionyesha filamu yenyewe sitaki kuiacha nje.

Tuliionyesha kule kule Uru, kwenye uwanja wa shule, juu ya shuka nyeupe mbili zilizoshonwa pamoja. Saa moja jioni watu walikuwa wameshajaa, wamejifunga mashuka na makoti. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, kwa sababu Joel alikuwa ametengeneza mwisho wa kuliza. Hakuna aliyelia. Walikuwa na kazi nyingine. "Huyo ng'ombe ni wa Mama Eliza!" "Tazama, ndoo yangu!" "Hilo bati lilishabadilishwa." Bi Rehema alipoangua kilio kwenye picha, mama mmoja aliuliza kwa sauti kitenge kile kinauzwa wapi. Joel alikuwa ameketi karibu yangu, kichwa mikononi. Nilimwambia ajifunze kuisikia sifa inapokuja kwa njia hiyo.

Wazee wetu wawili walikuwa benchi la mbele, pamoja, blanketi moja limewafunika magoti. Filamu ilipokwisha, watu wakapiga makofi na kuanza kuwasha tochi za simu. Nilimwendea Mzee Aminieli. Alikuwa mwenyeji wetu, na maoni yake nilikuwa nimeyangoja kuliko ya mtu yeyote.

"Meku, filamu umeionaje?"

Alikunja uso.

"Sikuiona vizuri, mwanangu," akasema. "Huyu alikuwa ananiongelesha muda wote."

Akachukua fimbo yake, akamfuata mdogo wake aliyekuwa ameshatangulia njiani na tochi, na ambaye, kwa jinsi nilivyosikia, alikuwa bado anaongea.